Mkanda Uliotiwa Unga wa Jiwe

Kebirigo,
Jumamosi alasiri

Kemunto mwanangu,

Mama yako amepita hapa mlangoni mara mbili akiniuliza kama kuandika siyo kazi, maana leo ni Sabato. Nimemwambia barua kwa mtoto siyo kazi. Akaziangalia karatasi nilizopanga mezani, akasema, "Hizo zote? Hiyo ni kazi," akaenda zake. Wewe uko Kiogoro kumuaga shangazi yako. Jioni utarudi na binamu zako wote nyuma yako, nyumba itajaa makelele, na kesho asubuhi utaondoka. Kwa hiyo sina wakati mwingine ila huu.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza jambo zito nitatia mzaha katikati, wewe utacheka, na jambo litaniponyoka tena. Limeniponyoka hivyo miaka tisa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jeshini ndiko nilikojifunza kuandika barua, na huko wote tuliandika Kiswahili. Kigusii najua kukiongea, lakini kukiandika hata sijui nianzie wapi.

Habari za blanketi, sabuni, na watu wa kuwaepuka, mama yako amekuambia tangu mwezi uliopita mpaka nikamhurumia mwenyewe. Sitarudia. Mimi nina habari ya mkanda wa kunolea wembe, na habari ya kovu lililo nyuma ya sikio lako la kushoto. Ni habari moja.

Chini ya sare zako sandukuni utakuta mkanda mpya wa ngozi, umeviringishwa ndani ya kitambaa cheupe. Nimeutengeneza mimi. Ulipotusomea ile barua ya hospitali ya kukuita kusomea uuguzi, ulifika pale inaposema kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwanyoa wagonjwa kabla ya upasuaji, ukaishusha barua. Halafu ukasema siku ya usaili uliziona nyembe zao kwenye trei, nyembe za kukunja kama zangu. Ukacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Tata, hao watu nitawakata. Wewe mwenyewe unajua ninavyotikisika."

Nami nikakujibu nini? "Utazoea." Jamani! Miaka yote hii nangoja nafasi ya kusema kweli, nafasi inakuja mpaka mezani kwangu wakati wa chai, nami nasema utazoea. Nimejionea aibu tangu siku ile.

Sasa sikiza.

Mkanda wangu wa kwanza nilitoka nao jeshini, ambako nilikuwa kinyozi. Ulikuwa mkanda mzuri sana, na niliuharibu kwa maringo. Nilipofungua kibanda hapa sokoni, wakati huo wewe ulikuwa hujaanza hata kutembea, watu walikuja kunitazama nikinoa. Nikaona raha. Nikawa nanoa upesi upesi huku nawatazama wao badala ya kutazama mkono, nikiwasimulia habari za Burma ambazo nusu yazo sikuziona. Wembe ukifika mwisho wa mkanda hugeuzwa juu ya mgongo wake, makali yakiangalia juu. Mimi siku moja, katikati ya hadithi, nikaugeuza juu ya makali. Ukaukata mkanda karibu kuugawa. Watu wakacheka, nami nikawaambia ngozi ilikuwa imezeeka.

Unaona nilivyosema? Ngozi imezeeka. Weka hilo akilini.

Nikaushonesha kwa fundi wa viatu, nikauburuza hivyo hivyo miaka kadhaa, mwisho ukakataa. Nikaenda Kisii mjini kutafuta ngozi nyingine. Pale kwenye banda la ngozi kulikuwa na mzee mmoja mwenye subira, akanitolea vipande vitatu. Kimoja kilikuwa kigumu, rangi ya udongo, hakina sura. Nikakiweka kando. Nikachukua kile laini kinachong'aa, kinachokunjika kama kitambaa. Mzee akaniambia, "Hiyo ni ya tumbo." Nikamwambia ng'ombe ni mmoja, iwe tumbo iwe mgongo. Hakubishana nami. Akanifungia.

Ngozi ya tumbo hulegea, Kemunto. Ukiivuta inarefuka na haikurudii, na mkanda uliolegea unabonyea chini ya wembe, makali yanajikunja badala ya kunyooka. Ngozi ya kunolea hutoka mgongoni, pale pembeni mwa uti wa mgongo kwenda nyuma. Iwe imelainishwa kwa magome ya miti ya miwati, siyo ile iliyowambwa kwa vigingi ikakauka juani tu. Ipitishie kidole gumba pole pole ukiwa umefumba macho. Kupe akiuma ng'ombe huacha kishimo, mwiba huacha mchirizi, na jicho halivioni lakini kidole kinaviona. Halafu ikunje kidogo na uiachie: ikirudi yenyewe, ichukue. Upana wa vidole vitatu unatosha. Haya yote mzee wa banda angeniambia kama ningemuuliza, na sikumuuliza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kinyozi wa jeshi.

Basi, mkanda ukawa mlegevu, tena ulikuwa unakauka upande mmoja. Nikaupaka samli. Kwetu kitu kikikauka ni samli: ngozi ya mtoto, kamba, mpini wa jembe. Mama yako alikuwa amepika samli safi, na mimi nikaupaka kama ninayempaka bwana harusi. Siku ya kwanza ukapendeza. Wiki ya pili ukanata. Wembe ulikuwa unakwama katikati, na harufu yake, Mungu wangu, wateja walikuwa wananiuliza kama nimeanza kuuza maziwa yaliyochacha.

Hapo ndipo nikapata akili yangu kubwa. Kuna jamaa yangu anayechonga mawe kule Tabaka, vibakuli na vinyama vile wanavyonunua Wazungu. Unga wa jiwe lile unaujua, ukiushika ni laini kuliko poda ya mtoto, unateleza vidoleni. Nikafikiri, huu ndio utakaokausha samli na kuutelezesha wembe. Nikamwomba kopo moja, nikauchekecha kwa kitambaa mara moja, nikausugua kwenye mkanda. Ukateleza kweli. Nikajisifu. Nikamwambia kila mtu kwamba Wazungu wanasumbuka na dawa za kopo za kupaka mikanda na sisi Wagusii tumekalia dawa yenyewe.

Lakini mkanda ulikuwa unalia. Mkanda mzuri hutoa sauti ya chini, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Huu ulikuwa unasema kr, kr, kidogo tu, huku na kule. Nilisikia. Usidhani sikusikia. Wateja wakaanza kulalamika kwamba shingo zinawawasha. Nikawaambia ni maji ya baridi. Mwalimu mmoja akatoka damu kidevuni, nikamwambia ana chunusi. Kwa kila mmoja nilikuwa na jibu.

Ndipo nyanya yako akafariki, mama yangu mzazi. Ulikuwa na miaka tisa, na ulimlilia kuliko sisi wote.

Unajua kwetu baada ya mazishi watu wa nyumba hunyolewa. Mwenye kazi hiyo upande wetu alikuwa nyanya Bosibori, yule mjane jirani, na kiwembe chake cha chuma cheusi alichokirithi. Alikuja na kigoda chake, akakaa, akakunja mikono ya gauni. Mimi nikamwambia leo apumzike. Nikasema mbele ya watu, "Mimi ni kinyozi, na aliyezikwa ni mama yangu. Watu wangu nitawanyoa mwenyewe." Hakuna aliyenipinga, maana nilikuwa mfiwa. Bosibori akakaa pale pale kando ya migomba, akanitazama.

Kwa heshima ya siku nikausugua mkanda unga mpya, mwingi. Nikaanza na kaka zangu, nikaja kwa wake zao, kisha watoto. Kila baada ya kichwa kimoja nanoa tena, na kila nikinoa nauharibu wembe zaidi, na sijui. Zamu yako ilipofika ulikuwa kichwa cha kumi na moja.

Nikakupa kikombe. Unakumbuka ile hila yangu ya kibandani? Mtoto akija kunyolewa namjazia kikombe cha maji mpaka juu, namwambia akishike magotini kwa mikono miwili, lisimwagike hata tone, na akifaulu anapata peremende. Mtoto anatazama kikombe na kusahau wembe. Siku ile kulikuwa na uji wa wimbi, nikakujazia uji. Ukakaa. Nikakuinamisha kichwa, nikanyoa utosi, nikanyoa kisogo, nikafika nyuma ya sikio, na wembe ukakwama.

Damu ilikuwa nyingi. Mjomba wako akapiga ukelele, "Ni nini?" na watu wote wakageuka. Nami nikasema, hata kabla sijavuta pumzi, nikasema kwa sauti, "Ametikisika! Nimemwambia akae, ametikisika!"

Ulinitazama. Ulikuwa bado hujalia. Ukaniambia, "Nisamehe, Tata."

Nikakunyang'anya kikombe mkononi, nikakimwaga kwenye migomba, nikakuambia nenda kwa mama yako.

Watu waliporudi kwenye maongezi yao, Bosibori akainuka. Akauchukua mkanda pale nilipoutundika, akaupitishia kidole gumba, akakitia kidole mdomoni, akatafuna kwa meno ya mbele. Umewaona wanawake wetu wakipima unga wa wimbi uliosagwa kwenye jiwe bovu? Hivyo hivyo. Akatema. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili asiniaibishe, "Una mchanga huu." Nikamwambia ule ni unga wa jiwe, siyo mchanga. Akasema, "Basi tafuna wewe." Akabeba kigoda chake akaenda kumaliza wale watoto waliobaki, kwa kiwembe chake, na hakumkata hata mmoja.

Kesho yake nilitafuna. Ulikuwa na mchanga. Jiwe lile lina mishipa migumu ndani yake, na kitambaa changu hakikuizuia. Nikautoa wembe juani, nikaona makali yamemeguka kama meno ya mundu. Kwa hiyo nilijua, Kemunto. Sikujua baada ya miaka. Nilijua kesho yake asubuhi, na wewe ulikuwa ndani umelala na kichwa kimefungwa kanga.

Kidonda kikavimba, mama yako akakubeba mgongoni mpaka zahanati ya Nyamira, ukachomwa sindano siku saba. Huko nako nikamwambia mganga kwamba mtoto alitikisika. Akaandika kwenye kadi.

Nilidhani litapita. Watoto husahau, nilisema. Lakini binamu zako walikwisha kulishika jina, Kemunto wa Kutikisika, wakalifanya wimbo wa kuchezea kamba. Ukaanza kukataa kuwamiminia wageni chai. Ukawa unamwomba mdogo wako akutungie uzi sindanoni. Kujaza mafuta ya taa ulikuwa hutaki, unasema utamwaga. Mama yako alifikiri ni uvivu, akakugombeza, na mimi nimekaa pale pale na gazeti langu. Kila nikikutana na Bosibori sokoni alikuwa ananiuliza kwa neno moja, "Umemwambia?" Nasema bado. Akafa mwaka juzi nikiwa bado. Nilibeba jeneza lake, na njia nzima nilikuwa namsikia akiniuliza.

Ule mkanda nilitaka kuuchoma, sikuuchoma. Upo kibandani, ndani ya kabati la mashine za kunyolea, na ukitaka kuuona siku moja ukija likizo nitakuonyesha. Nilijifunza kazi yangu upya baada yake. Nilirudi Kisii kwa yule mzee wa banda, nikamwambia nimekuja kwa kile kipande kisicho na sura. Akacheka sana, akaniuliza tumbo lilinitendaje.

Huu wako nimeushughulikia tangu ulipoitwa usaili, kabla hata jibu halijaja, maana jeshini niliona wauguzi wakiwanyoa wagonjwa. Ni wa mgongoni. Nilipouleta nyumbani sikuupaka chochote siku tatu, niliuviringishia chupa ya soda juu yake, nikiikandamiza kwenda na kurudi, mpaka vinyweleo vyote vikalala. Mafuta niliyotumia ni ya kwato. Unachemsha kwato za ng'ombe mchana kutwa, unaacha supu ipoe, unaengua yale mafuta ya juu, unayachuja kwa kitambaa mara tatu. Hayanuki, hayagandi, na hayanati kama samli. Mama yako alidhani napika supu akatia chumvi, nikaanza upya. Mafuta yenyewe ni matone mawili, siyo matatu. Yatie kiganjani, siyo kwenye ngozi, halafu paka kwa kiganja mpaka uone joto. Acha siku nzima. Kisha kila siku paka kwa kiganja kitupu, bila kitu, mara hamsini au mia ukiwa umekaa unaongea na watu. Ngozi inakula joto la mkono na hatimaye inang'aa yenyewe. Nimefanya hivyo miezi minne kila jioni pale uani. Uliniona ukaniuliza nafuga nyoka.

Usiukunje. Usiuweke juu ya moto jikoni kama tunavyoweka kila kitu ili kisiliwe na wadudu, moshi huukausha na masizi ni mchanga mwingine. Ukikauka, mafuta ya kwato nimekutilia kwenye kichupa cha dawa, tone moja tu kwa miezi mitatu. Nyuma ya ngozi nimeshonea turubai: anza upande huo, mara ishirini, ndipo upande wa ngozi. Uvute mpaka ukaze, wembe ulale bapa, na ugeuze juu ya mgongo. Usiharakishe, hakuna anayekutazama huko. Na ukisikia kr, simama. Usijiambie lolote. Simama, ufute mkanda, uukague kwa kidole.

Ukishasoma haya ukikasirika, kasirika. Usiniandikie upesi kwamba yamekwisha ili nilale vizuri. Mimi nimelala vizuri miaka tisa kwa gharama yako. Na binamu zako nitawaambia mwenyewe leo jioni, wote wakiwa hapa, wewe ukiwa unafunga sanduku. Nimemwomba mama yako awakalishe. Sijamwambia kwa nini, na sijui atanitazamaje akisikia, lakini nitasema.

Limebaki moja, na ndilo nililokuwa nalizunguka tangu nianze karatasi hizi.

Ule uji niliumwaga kwa sababu. Wembe ulipokwama na damu kuanza kutiririka shingoni mwako, kabla mjomba wako hajapiga ukelele, macho yangu yalishuka mpaka magotini mwako. Sijui kwa nini niliangalia hapo, labda ni mazoea ya kibandani. Vidole vyako vilikuwa vimeshika kikombe, na kikombe kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Gauni lako lilikuwa kavu. Mtoto wa miaka tisa, anachanwa na wembe, na hakumwaga hata tone. Nimewanyoa askari waliokwisha kupigwa risasi na sijamwona aliyekaa hivyo. Niliona, nikasema ametikisika, na nikamwaga uji ule upesi kwenye migomba kabla mtu mwingine hajakitazama kikombe.

Hukutikisika, mwanangu.

Tata yako